Droo Ipi Ianze: Mjadala wa Kuhamisha Kadi za Maktaba, Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kadi ya katalogi ya maktaba ina upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5. Chini katikati ina tundu linalopitishwa fimbo ya chuma, ili msomaji aipekue bila kuichomoa. Juu kushoto hukaa namba ya rafu, ileile iliyobandikwa mgongoni mwa kitabu. Hufuata jina la mwandishi, jina la kitabu, toleo, mji wa uchapaji, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na kimo cha kitabu. Chini kabisa huorodheshwa mada na majina mengine ambayo kitabu hicho kimetengenezewa kadi. Kitabu kimoja kwa kawaida huwa na kadi tatu au zaidi: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na moja kwa kila mada. Hizo huwekwa ukumbini kwa ajili ya wasomaji. Kadi nyingine hukaa ofisini, katika orodha ya rafu. Orodha hiyo hufuata mpangilio wa vitabu vyenyewe vilivyosimama rafuni, na mara nyingi ndiyo pekee yenye namba ya usajili ya kila nakala.

Kugeuza kadi hizo kuwa katalogi ya mtandaoni ni kuhamisha kila kipande cha habari hiyo kwenda mahali pake katika rekodi ya kompyuta. Muundo unaotumika karibu duniani kote ni MARC, uliobuniwa miaka ya 1960 katika Maktaba ya Bunge la Marekani chini ya Henriette Avram. Ndani yake kila habari ina namba yake: 100 mwandishi, 245 jina la kitabu, 250 toleo, 300 kurasa na kimo, 650 mada, 651 mahali. Mtu akiitazama kadi harakaharaka ataona kazi hii ni ya kupiga taipu tu. Sivyo. Aliyeitaipu kadi alitegemea msomaji aelewe mwenyewe kwamba neno lile ni mji na tarakimu zile ni mwaka. Kompyuta haielewi mpaka iambiwe. Kwa hiyo yanayofanyika kabla ya rekodi ya kwanza kuingizwa ndiyo yanayoamua kama katalogi itaaminika.

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa suala hili lina uzito wa pekee. Nyanda za juu, Wabenediktini walifungua misheni ya Kigonsera mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya Peramiho. Kule chini ziwani, Waanglikana wa shirika la kimisheni la UMCA walifika kwa meli kutoka kisiwa cha Likoma, na Liuli ikawa mojawapo ya vituo vyao vikubwa. Misheni zilileta shule na seminari, na hizo zikaleta vitabu vya Kijerumani, Kiingereza, Kilatini, Kinyanja na Kiswahili. Baadaye Serikali iliunda Bodi ya Huduma za Maktaba kwa sheria ya mwaka 1963, na maktaba za umma zikafuata. Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, makao yake yakiwa Mbamba Bay, barabara ya kushuka ziwani ilikuwa bado ya vumbi na umeme ulikuwa wa majenereta. Mwaka 2018 njia ya umeme ya Makambako hadi Songea ilikamilika na mkoa wa Ruvuma ukaingia kwenye gridi ya taifa. Lami nayo sasa inashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, zaidi ya kilomita 60. Maktaba iliyokuwa ikisema haiwezi kuwa na kompyuta kwa kukosa umeme haina tena sababu hiyo.

Mjadala ufuatao una sauti tatu. Mkutubi ni mama aliyetumikia katalogi ya kadi miaka mingi. Fundi ni kijana wa mifumo ya kompyuta. Mwalimu anafundisha sekondari mwambaoni. Sauti hizi zinawakilisha misimamo inayosikika kila maktaba inapoanza kazi hii. Hazimwakilishi mtu yeyote mahususi.

Jambo la kwanza ni kadi zipi zitumike, na hapa hapakuwa na ubishi mrefu.

FUNDI: Mama, kadi za ukumbini ziko nyingi kuliko za ofisini. Tukichukua za ukumbini tutaingiza kitabu kilekile mara tatu.

MKUTUBI: Umesema kweli, mwanangu. Tumia orodha ya rafu. Kila kitabu kina kadi moja tu pale, na nakala zake zote zimeandikwa humo. Ila usiitupe ile ya mwandishi, maana kuna mada ambazo zimetajwa kwenye kadi hiyo peke yake.

Huo ndio utaratibu unaokubalika popote: orodha ya rafu iwe msingi, kadi kuu ya mwandishi iwe shahidi wake. Pale orodha ya rafu ilipoliwa na mchwa, daftari la kupokelea vitabu hushika nafasi yake, kwa taabu zaidi.

Ubishi ulianza kwenye kuhesabu. Kabla ya kuingiza chochote, Mkutubi anataka kila droo ya orodha ya rafu ibebwe hadi rafuni. Watu wawili wafanye kazi, mmoja asome kadi na mwingine aguse kitabu. Kadi isiyo na kitabu isimamishwe wima kwa klipu. Kitabu kisicho na kadi kilazwe pembeni.

FUNDI: Kazi hiyo inaweza kula miezi mitatu, Mama. Ufadhili ni wa mwaka mmoja. Tuingize kwanza, tutahesabu baadaye kwa mashine ya kusoma bakodi.

MWALIMU: Na mwanafunzi wangu wa Lituhi je? Ataona kwenye simu kwamba kitabu kipo, aombe ruhusa, alipe nauli, apande gari mpaka Mbinga, akute kitabu kilipotea mwaka 1994. Hatarudi tena, na wenzake hatawaambia waende.

Hapa Mwalimu ana haki. Msomaji wa katalogi ya kadi yuko tayari ndani ya maktaba, hivyo kadi ya kitabu kilichopotea humpotezea dakika kumi. Msomaji wa katalogi ya mtandaoni yuko mbali, na rekodi ya uongo humpotezea siku nzima na fedha za mzazi. Kadiri katalogi inavyosomwa na watu wa mbali, ndivyo kosa lake linavyokuwa ghali. Kuhesabu kabla ya kuingiza ni sharti, na mpango wa kazi usiotenga muda wa kuhesabu ni mpango mbovu hata kama mashine zake ni mpya.

Kuhesabu huleta pia uamuzi wa kuchambua: vipi vibaki, vipi viondolewe. Kitabu cha kiada cha mtaala uliofutwa, chenye nakala arobaini, hakihitaji rekodi arobaini. Fundi na Mkutubi walikubaliana hapo, kwa sharti moja la Mkutubi kwamba hakuna kitabu kilichochapwa Peramiho, Ndanda au Likoma kitakachoondolewa kwa sababu tu hakijaazimwa miaka mingi. Sharti hilo ni jema na linastahili kuandikwa kwenye mwongozo wa kazi.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kunakili rekodi. Maktaba nyingi duniani zimekwisha kuorodhesha vitabu vilevile, na programu za maktaba huweza kuzitafuta rekodi hizo kwa itifaki iitwayo Z39.50 na kuzivuta. Programu inayotajwa mara nyingi kwa maktaba zenye bajeti ndogo ni Koha. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000, na ni bure kwa yeyote.

FUNDI: Mtu mmoja akitaipu rekodi kamili kwa mkono, kwa siku anamaliza chache mno. Akinakili, anapiga ISBN tu, ile namba ya kitambulisho cha kitabu, na rekodi inakuja na mada zake zote. Kwa nini tuandike upya kilichoandikwa na Maktaba ya Bunge la Marekani?

MKUTUBI: Kwa vitabu vya fizikia na kamusi za Oxford, sina neno. Nakili. Lakini fungua droo hii.

Droo anayoonyesha ni ya historia ya kusini mwa Tanzania, na mfano wake unafaa kutazamwa kwa karibu. Padri Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ya Wangoni. Maandishi hayo yalitolewa kwanza mwaka 1959 kwa kutaipiwa na kudurufiwa palepale Peramiho. Mwaka 1987 kazi hiyo ilitolewa kama kitabu na Benedictine Publications Ndanda-Peramiho. Maktaba ya ukanda huu inaweza kuwa na vyote viwili. ISBN zilianza kutumika kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo chapa ya kudurufu haina namba hiyo. Anayenakili akipiga jina la mwandishi na jina la kitabu, atakayoletewa ni rekodi ya 1987. Ataona mwandishi ni yuleyule na mada ni ileile, atabofya kukubali, na nakala iliyodurufiwa itaingia kwenye mfumo kama nakala ya pili ya toleo jipya. Kadi ilikuwa imesema ukweli: mwaka 1959, imedurufiwa, kurasa kadhaa, kimo fulani. Baada ya mbofyo mmoja ukweli huo haupo tena popote. Mtafiti wa Dar es Salaam au wa Ujerumani anayetaka kulinganisha matoleo hayo mawili hatajua kwamba la kwanza liko Ruvuma.

FUNDI: Basi tuweke kanuni. Rekodi isipolingana na kadi kwa mwaka na kwa idadi ya kurasa, isikubaliwe.

MKUTUBI: Na mchapishaji pia. Hapo nakuunga mkono.

Kanuni hiyo ndiyo moyo wa kazi ya kunakili. Rekodi ya nje ilingane na kadi kwa vitu vitano: mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka na kurasa. Vikilingana vinne tu, kitabu chenyewe kitolewe rafuni na kufunguliwa ukurasa wa jina. ISBN peke yake haitoshi, maana wapo wachapishaji waliotumia namba ileile kwa chapa mbili tofauti. Lakini inafaa kwa kunasa makosa ya vidole, kwa kuwa tarakimu yake ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Ukikosea moja, mfumo hukataa. Vitabu vya kabla ya 2007 vyenye ISBN vina namba ya tarakimu 10. Kuibadili iwe ya 13 kunahitaji 978 mwanzoni na tarakimu mpya ya mwisho, na programu hufanya hesabu hiyo yenyewe. Vitabu vya Tanzania vya miaka hiyo hutambulika kwa 9976 au 9987 mwanzoni mwa namba.

Jambo la pili ambalo rekodi ya kunakili huharibu ni namba ya rafu. Mwaka 1972 East African Literature Bureau ilichapisha kitabu cha Egino Ndunguru, Historia, Mila na Desturi za Wamatengo. Kwa mfumo wa Dewey kitabu hicho kinaweza kukaa 967.8 pamoja na historia ya Tanzania, au 390 pamoja na mila na desturi, na wakutubi wawili wazuri wanaweza kutofautiana bila yeyote kukosea. Rekodi ya kunakili ikija na 390 wakati stika mgongoni inasema 967.8, msomaji ataelekezwa kwenye rafu isiyo na kitabu. Namba ya kadi ndiyo ya kufuata daima. Namba iliyokuja na rekodi ya nje ihamishiwe mahali pengine ndani ya rekodi au ifutwe. Anayetaka kupanga maktaba yake upya afanye hivyo mwaka mwingine. Kazi mbili hizi zikichanganywa, hakuna inayoisha.

Mwalimu aliingia kwenye mjadala kwa nguvu zaidi pale ulipofika kwenye majina.

MWALIMU: Mimi sijui MARC. Ninachojua ni kwamba mwanafunzi wangu ataandika maneno matatu kwenye simu kwa Kiswahili, na asipopata kitu mara moja ataacha.

Watoto hao wataandika nini? Wataandika Ziwa Nyasa. Rekodi za nje huweza kuliita ziwa hilo kwa jina la Malawi, na kwa Kiingereza. Wataandika Liuli. Vitabu vya Kijerumani vya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza viliita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lake kubwa linalofanana na sanamu ya Misri. Ni hapo ambapo Agosti 1914 boti ya kivita ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kitabu kinachosimulia shambulio hilo kinaweza kuwa na kadi chini ya Sphinxhafen tu. Kaskazini zaidi, Manda iliitwa Wiedhafen. Mtoto wa Liuli asiyejua jina la Kijerumani atakosa historia ya kijiji chake mwenyewe ingawa kitabu kiko maktabani.

Katalogi ya kadi ilikuwa na dawa ya tatizo hilo: kadi za “tazama” na “tazama pia”. Ukifika Sphinxhafen, kadi inakwambia tazama Liuli. Kadi hizi hazina namba ya rafu wala kitabu, na kwa sababu hiyo ndizo za kwanza kurukwa na mtu anayeingiza rekodi. Huziona kama kadi tupu. Ukweli ni kwamba ndani yake kuna kazi kubwa zaidi ya fikra ya wakutubi waliopita kuliko katika kadi nyingine yoyote. Lazima zikusanywe kwanza, zitolewe nje ya droo zote, zipangwe peke yake, na kuingizwa katika faili la majina rasmi la mfumo kabla ya vitabu. Mtu akitafuta jina lolote kati ya hayo mawili, mfumo umpeleke kulekule.

FUNDI: Koha ina faili hilo. Lakini tukubaliane jina moja liwe rasmi, mengine yaelekezwe kwake.

MKUTUBI: Liuli liwe rasmi. Ndilo jina la wenyeji.

MWALIMU: Na ngoro?

Swali hilo lina mantiki. Kilimo cha ngoro, cha kuchimba vishimo na kupanga majani ili kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko ya Umatengo, kimeandikwa sana, pamoja na utafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani katika miaka ya 1990 na kuendelea. Waandishi wengine huandika ngoro, wengine ngolo, wengine hutumia maneno ya Kiingereza yenye maana ya vishimo vya Wamatengo. Rekodi ya nje inaweza kubeba mada ya jumla tu: hifadhi ya udongo, Tanzania. Hiyo haimsaidii mwanafunzi wa Mbinga anayetafuta kilimo cha babu yake. MARC inaruhusu mada za Kiswahili zikae pamoja na za Kiingereza ndani ya rekodi moja, na hakuna sababu ya maktaba ya Mbinga kutozitumia. Orodha fupi ya mada za mahali, yaani ngoro, kahawa, Wamatengo, Wanyasa, Wangoni, Vita vya Majimaji, uvuvi wa dagaa, meli za ziwani, iandikwe mapema na watu wanaozijua. Kila anayeingiza rekodi awe nayo mezani.

Majina ya watu yana shida zake. Padri Johannes Häfliger alichapisha kamusi ya Kimatengo mwaka 1909. Mashine za taipu zilizoletwa kwa matumizi ya Kiingereza hazikuwa na herufi ä. Mtaipaji mmoja aliandika Haefliger, mwingine Hafliger, na wa tatu alitaipu a kisha akaweka nukta mbili kwa kalamu. Katika droo, kadi hizo tatu hukaa karibukaribu na jicho huziona zote. Katika kompyuta, Haefliger na Häfliger ni watu wawili mpaka mtu aseme ni mmoja. Hali ni hiyohiyo kwa W. P. Johnson, mmisionari wa UMCA aliyeandika kitabu juu ya Ziwa Nyasa mwaka 1922 na kufariki Liuli mwaka 1928. Kadi iliyoandikwa “Johnson, W.” peke yake haimtofautishi na akina Johnson wengine chungu nzima duniani. Jina kamili, William Percival, na miaka yake, 1854 hadi 1928, viongezwe wakati wa matayarisho. Waandishi wa Kiafrika nao wapangiwe kanuni moja isiyobadilika, maana mwandishi yuleyule huweza kukutwa droo moja kwa jina lake la kwanza na droo nyingine kwa jina la baba. Shaaban Robert akiwekwa nusu kwenye S na nusu kwenye R, msomaji ataamini kwamba maktaba ina nusu tu ya vitabu vyake.

Lugha ya kitabu pia huandikwa kwa herufi tatu. Kiswahili ni swa, Kinyanja ni nya. Kimatengo hakina alama yake katika orodha ya kawaida ya MARC na huangukia kwenye fungu la lugha nyingine za Kibantu, bnt. Orodha pana ya ISO 639-3 ndiyo inayokipa mgv. Maktaba iandike zote mbili. Bila mgv hakuna mtu atakayeweza kuuliza mfumo umpe vitabu vyote vya Kimatengo ilivyo navyo, na hilo ni swali ambalo mtu wa Mbinga ana haki ya kuuliza.

Maandishi ya mkono yalizua hisia kali. Kadi za zamani zina maneno yaliyoongezwa kwa kalamu: zawadi ya padri fulani, nakala ya pili imepelekwa kituo kingine, kurasa za mwisho hazipo, angalia sanduku la ofisini.

FUNDI: Hayo si sehemu ya kitabu. Katalogi zote za kisasa hazina maneno ya namna hiyo.

MKUTUBI: Mwanangu, kitabu kilichotoka Likoma kikaja Liuli kikaishia hapa, nani atajua kilikotoka nikishafutika mimi na kadi?

MARC ina mahali pa habari hizo: 541 kwa namna kitabu kilivyopatikana, 561 kwa wamiliki waliotangulia, 500 kwa maelezo mengine. Fundi hana hoja ya kiufundi ya kuyaacha. Ana hoja ya muda, na hoja hiyo hujibiwa kwa kupiga picha. Kila kadi ya orodha ya rafu yenye mwandiko, mbele na nyuma, ipigwe picha kwa simu nzuri chini ya mwanga wa dirisha, na faili lipewe jina kwa namba ya usajili. Kijana mmoja huweza kumaliza droo kadhaa kwa siku. Maelezo yatahamishwa polepole, picha itayasubiri.

Mjadala wa namna hii ulishafanyika kwingine. Mwaka 1994 mwandishi Nicholson Baker alichapisha katika jarida la The New Yorker makala ndefu ya kuzilaumu maktaba za Marekani kwa kuteketeza katalogi zao za kadi. Alisema zimetupa kazi ya vizazi na kuweka badala yake rekodi zenye upungufu. Wakutubi wengi walimpinga, wakisema hakuna msomaji aliyekuwa akizitumia tena. Mkondo haukubadilika: Oktoba 2015 shirika la OCLC la Ohio, lililokuwa likichapa kadi kwa ajili ya maktaba, lilichapa za mwisho. Waliompinga Baker walikuwa na haki juu ya maktaba kubwa ambazo vitabu vyake viko kwingine pia. Juu ya maktaba ndogo zenye vitabu visivyo na mfano, Baker alikuwa na haki. Orodha ya rafu itunzwe baada ya uhamisho, mahali pakavu. Kule ziwani joto na unyevu huotesha ukungu kwenye kadi na kutu kwenye fimbo, hivyo makasha yainuliwe kutoka sakafuni na fimbo zenye kutu zitolewe.

Mambo mengine yalipita haraka. Maktaba iliyowahi kuanza kwa CDS/ISIS, programu ya UNESCO iliyosambaa sana Afrika tangu miaka ya 1980, isianze upya; faili zake huweza kutolewa kwa muundo wa ISO 2709 na kusafishwa. Kitabu kipya kinachofika wakati wa kazi kiingizwe moja kwa moja kwenye mfumo bila kutengenezewa kadi, vinginevyo droo hazitakwisha kamwe. Kadi iliyokwisha kuingizwa iwekwe alama ya penseli kwenye pembe, palepale, na siyo jioni kwa kukumbuka. Rekodi mia za kwanza zikaguliwe moja moja na mtu asiyeziingiza, kisha kanuni zirekebishwe kabla ya kuendelea. Seva ikae maktabani ili katalogi ifanye kazi kwa mtandao wa ndani hata intaneti ikikatika, na nakala ya data ipelekwe kila wiki jengo jingine.

Swali la mwisho ndilo lililowagawa zaidi: droo ipi ianze. Fundi anataka kuanza na vitabu vyenye ISBN. Vitaingia kwa kasi, idadi itapanda, mfadhili ataridhika. Mwalimu angependa vya kiada, kwa kuwa ndivyo vinavyoombwa.

MKUTUBI: Fedha zikiisha katikati, kitakachobaki nje ni kipi?

FUNDI: Vile vigumu, Mama. Vya zamani.

MKUTUBI: Ndivyo hivyo ambavyo hakuna mwingine anavyo.

Jibu hilo linamaliza ubishi. Kamusi ya Oxford isipoingia kwenye katalogi ya Mbinga, rekodi yake ipo katika maelfu ya maktaba. Maandishi ya Ebner yaliyodurufiwa, sala za Kinyanja zilizochapwa Likoma na ripoti za ngoro zisipoingia, huenda zisionekane popote duniani. Miradi ya aina hii huweza kukatika njiani, na mpangaji mwaminifu hupanga akijua hivyo. Kwa hiyo droo ya kwanza iwe ya vitabu vya mahali, vilivyohusu au vilivyochapwa katika ukanda huu. Viingizwe kwa mkono na mkutubi anayevijua, kitabu chenyewe kikiwa mezani, wakati nguvu na fedha bado zipo. Vya kunakili vifuate, navyo vipewe vijana wenye vidole vyepesi. Wanaoandika bajeti za maktaba za Mbinga na Nyasa waiweke droo hiyo katika mstari wa kwanza, na wamlipe mkutubi mstaafu arudi kwa muda wa kutosha kuimaliza.